Umeme ukikatika, mtandao unapona

Saa mbili kasoro asubuhi, duka limeshafunguliwa, nje kwenye benchi wamekaa watu wanne na bahasha zao za kaki, na mi niko chini ya meza namulika nyuma ya kompyuta kwa tochi ya simu. Hivyo ndo asubuhi zangu zilivyokuwa karibia mwezi mzima wa nne, mwaka 2024, hapa Lindi mjini. Kuna duka la steshenari la mama mmoja ambalo mi ndo fundi wake, sijaajiriwa pale, nina meza yangu ya simu mtaa wa pili, ila kompyuta zake zote nimezifunga mimi kwa hiyo zikigoma naitwa mimi. Na kuitwa kwenyewe ni meseji ya WhatsApp, hana salamu asubuhi, anaandika tu "fundi mtandao hakuna". Nikiiona hiyo najua chai sinywi.

Kompyuta yenyewe ni moja tu iliyokuwa inasumbua lakini ndo ile kubwa, ile ambayo printa zote mbili zimechomekwa, na zile nyingine tatu za pale kaunta zinatuma kazi kwake kupitia waya. Haina waifai. Nilishaiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta tofauti na Windows, toleo la Debian 12, kwa sababu ya flashi za wateja, yaani mtu anakuja na flashi ina kila aina ya kirusi, mafaili yote yamegeuka shotikati, wiki haipiti hujafomati. Tangu niweke Linux hilo tatizo likaisha kabisa na mama akaniheshimu. Lakini Windows sikuifuta, niliiacha pembeni kwenye diski ile ile, maana dogo anayekaa pale dukani anatengeneza picha za pasipoti na programu yake ya picha kaizoea huko, ukimwambia abadilishe ni kama umemnyang'anya mkono. Hiki kipande cha Windows kikumbuke, mi nilikisahau na ndo kilichoniponza.

Tatizo lilikuwa hivi. Asubuhi unawasha, Linux inaanza kuwaka vizuri, maandishi yanashuka, halafu inafika mahali inaganda, inaandika kwamba kuna kazi ya kuinua mtandao inaendelea, na pembeni inahesabu sekunde, kikomo chake dakika 5. Mteja anaangalia, mama anaangalia, wewe unaangalia. Baadae inakata tamaa, inaandika FAILED kwa herufi nyekundu, inaendelea kuwaka, unaingia ndani kila kitu kipo isipokuwa mtandao. Sasa pale watu wanakuja kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wanakuja kuomba kazi kwenye Ajira Portal siku ya mwisho kabisa, we unamwambia subiri. Mtu katoka Kitunda huko ng'ambo, kavuka maji, unamwambia subiri.

Na kinachoudhi zaidi ni kwamba haikuwa kila siku. Siku nyingine inawaka fresh, mtandao unakuja sekunde mbili, siku nzima haisumbui. Ugonjwa wa kudumu ungekuwa afadhali, unaujua. Huu wa leo upo kesho haupo unakufanya uonekane muongo, maana unasema nimeshatengeneza, na kweli jana ilikuwa nzima, kesho yake meseji hiyo hapo.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kutu. Tunakaa pembeni ya bahari, chumvi inakula kila kitu, bati, bawaba za mlango, tundu za flashi, kwa hiyo nikasema zile pini ndogo za kwenye tundu la waya wa mtandao zimeshika kutu. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki wa mtoto. Kesho yake ikakubali! Nikatembea kifua mbele. Kesho kutwa, "fundi mtandao hakuna".

Nikabadilisha waya. Nikakata vichwa vyote viwili nikabana vipya. Nikahamisha tundu kwenye swichi, kile kiboksi kinachounganisha nyaya za mtandao za kompyuta zote, kutoka la tatu kwenda la tano. Nikabadilisha swichi yenyewe nikaweka ya kwangu. Kila nikifanya kitu, kuna siku inakubali, na mi naamini nimeipata, na hapo ndo unapotea zaidi kwa sababu unaanza kuwa na dawa nyingi ambazo hakuna hata moja uliyoithibitisha. Ilifika mahali mama ananiuliza tatizo nini nikamjibu "ni waya na kutu na swichi", akaniangalia tu.

Sasa mashine yenyewe muda wote huo ilikuwa inaniambia, mi ndo sikuwa nasikia. Ukiandika lspci inakuorodheshea vifaa vilivyoko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na kadi ya mtandao ilikuwemo, Realtek, imeandikwa kabisa kila siku, hata siku mbovu. Ukiangalia dmesg, yaani maandishi ya Linux ilivyowaka, unaona draiva yake, ile programu ya kuiendesha kadi, inaitwa r8169, imeikuta kadi, imeipa jina enp2s0, hakuna malalamiko, halafu mstari wa mwisho unasema Link is Down. Ukiandika ip link inakuonesha NO-CARRIER. Yaani tafsiri yake ni kwamba kadi ipo, draiva ipo, ila kwenye waya hakuna kinachosikika upande wa pili. Mi nilichosoma pale ni "waya mbovu" tu, nikabaki kwenye waya wiki mbili. Ingekuwa kadi imekufa kweli lspci isingeionesha, au draiva ingelia. Na ingekuwa famuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, imekosekana pia ingeandika wazi kwamba nimetafuta faili fulani sijalipata. Hayo nayajua leo kwa kujiamini, kipindi kile nilikuwa nasoma huku watu wamenisimamia kichwani.

Nikaamua kupiga chini Linux yote niiweke upya. Nilienda usiku, dogo kamaliza kazi zake kazima, mi nikachomeka flashi yangu nikaanza. Kufika sehemu ya mtandao ikashindwa, haioni kitu. Nikasema sawa, naruka. Katikati ya kunakili mafaili, umeme ukakatika. UPS pale ipo ya mapambo, betri yake ilishakufa zamani. Nikakaa gizani nje na mlinzi tukapiga stori za ligi, umeme ukarudi baada ya kama nusu saa hivi, nikaanza upya kabisa kwa flashi ile ile, mashine ile ile, waya ule ule, na safari hii kufika sehemu ya mtandao ikapita kama maji. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kati ya mara ya kwanza na ya pili kimebadilika nini. Mi nikasema ahaa, mara ya kwanza flashi ilikuwa haijasomwa vizuri. Nikaenda kulala nimeridhika.

Siku mbili tu. Meseji.

Hapo nikasema basi kadi imechoka, kadi zinachoka, tununue nyingine ya kuchomeka. Lindi hapa nilizunguka sikupata, ikabidi niagize Kariakoo kwa jamaa yangu, aiweke kwenye basi. Ndo wiki ile ile ya kimbunga Hidaya. Kimbunga chenyewe kilifika pwani yetu tarehe 4 mwezi wa tano, Jumamosi, kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua iliyomwagika usipime, barabara ya Dar ikakatika huko Kilwa maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama huko na watu ndani yake siku kadhaa. Kadi yangu nayo ikawa abiria. Kuna watu walilala barabarani na watoto kwa hiyo mi kulalamikia kadi nikaona aibu, nikanyamaza.

Kipindi hicho cha mvua umeme nao ukawa hauna adabu, unakatika asubuhi, unarudi mchana, unakatika tena usiku. Mama ana kijenereta cha petroli cha kuendeshea printa na kompyuta mbili. Na siku zile zote ambazo tulitegemea hali iwe mbaya kuliko kawaida, mtandao wa ile mashine ukawa mzima. Kila siku. Sikupata meseji hata moja. Nilivyopita dukani kusalimia, mama anamenya muhogo pale mlangoni, nikampa shikamoo, akaitikia, akasema kwa utani tu, "We fundi, hii kompyuta yako umeme ukikatika ndo inapona. Si bora ukatike tu?"

Nikacheka. Nikaondoka. Nikafika kama kwenye kona ya msikiti nikasimama.

Nikarudi nikamuomba daftari la matumizi. Yule mama anaandika kila kitu, hata mia mbili ya kiberiti. Nikafungua mwezi wa nne nikatafuta neno petroli, kwa sababu petroli ya jenereta hainunuliwi kama umeme haujakatika. Halafu mkono wa pili nikashika simu nikafungua meseji zake WhatsApp, kila "fundi mtandao hakuna" ina tarehe na saa. Tukakaa kwenye ile benchi, mama anasoma daftari mi nasoma simu. Petroli lita 2 tarehe 9, meseji tarehe 10 hakuna. Petroli tarehe 15, meseji tarehe 16 hakuna. Meseji ipo tarehe 12, petroli tarehe 11 hakuna. Tukaenda hivyo mwezi mzima, mama mwenyewe akaanza kufurahia, anasema "haya na hiyo je". Umeme ukikatika leo, kesho asubuhi mtandao upo. Usipokatika, mara nyingi haupo.

Mara nyingi, siyo zote, na hapo ndo palipokuwa na utamu. Kuna siku mbili tatu umeme haukukatika na asubuhi yake mtandao ulikuwepo. Na kuna siku moja iliyokataa kabisa, Jumanne tarehe 23, petroli ilinunuliwa, umeme ulikatika kweli, na tarehe 24 asubuhi meseji ipo. Nikamuuliza dogo siku hiyo ilikuwaje, hakumbuki, mama ndo akakumbuka kwa kuangalia upande wa mapato, picha za pasipoti kurasa nzima, akasema hiyo siku walikuja wanafunzi kundi zima jioni, umeme ulikuwa umesharudi tangu saa tisa, dogo akapiga picha mpaka usiku akafunga duka.

"Ulizimia wapi kompyuta, kwenye Windows au Linux?"

"Windows kaka, si ndo nilikuwa huko natengeneza picha. Nikimaliza nazima hapo hapo."

"Na siku ambazo hakuna wateja wa picha?"

"Siingii huko."

Sikuongea kitu. Nilimwambia dogo washa Windows sasa hivi, halafu izime kawaida kama unavyozimaga. Akazima. Nikaingia chini ya meza na tochi, nikaangalia lile tundu la waya wa mtandao, lina vitaa viwili vidogo, cha kijani na cha njano. Vyote vimezima. Hilo peke yake halina neno kubwa, mashine imezimwa. Nikamwambia washa, lakini ikifika kwenye ile orodha ya kuchagua Linux au Windows, ile ya GRUB, bonyeza kishale uiache hapo hapo, usiingie popote. Vitaa bado vimezima. Nikainuka nikaangalia swichi ukutani, taa ya tundu la tano nayo imezima. Linux haijaanza hata kidogo, haijagusa chochote, na waya tayari umekufa. Kwa hiyo yale masaa yote niliyokuwa nahariri mafaili ya Linux nilikuwa nampiga mtu ambaye hakuwepo nyumbani.

Nikasema zima, chomoa waya wa umeme kabisa ukutani. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili mabaki ya moto yaishe ndani, tukahesabu mpaka 30, tukachomeka. Hata kabla hatujabonyeza kuwasha, mashine bado imezimwa, kitaa cha kijani kikawaka. Dogo akapiga kelele kama kaona goli.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki, nitaeleza nilivyoelewa. Kompyuta ya mezani ukiizima haizimi yote, pawa saplai inaendelea kupitisha moto kidogo wa kusubiria, volti 5, maadamu waya uko ukutani. Moto huo unatosha kuiweka kadi ya mtandao macho, ndo maana kuna uwezo wa kuiamsha kompyuta ukiwa mbali kwa kuitumia ujumbe kwenye waya. Sasa draiva ya kadi hii upande wa Windows, ikiwa ule mpangilio wa kuamshwa baada ya kuzimwa umefungwa, yenyewe wakati wa kuzima inailaza kadi usingizi mzito ili isile umeme, inakata hata ile sehemu inayoongea na waya. Ukiwasha tena Windows, draiva ile ile iliyoilaza inajua namna ya kuiamsha, hakuna anayegundua kitu. Ila ukiwasha Linux, draiva ya huku inaikuta kadi ipo, inaisalimia, kadi inaitikia jina lake, lakini masikio bado yamelala. Kuwasha upya hakusaidii, maana ule moto wa kusubiria haujakatika kwa hiyo kadi inakumbuka imeambiwa ilale. Nilijaribu hata kuiondoa draiva na kuirudisha, modprobe -r r8169 halafu modprobe r8169, kwenye mashine yangu haikusaidia. Kinachofuta kumbukumbu ni umeme kuondoka kabisa. Kwa maneno mengine mgao ndo ulikuwa fundi pale, mi nilikuwa napokea sifa zake.

Na ile siku ya mswaki wa mtoto nilipiga hesabu tena kwenye daftari. Petroli ilinunuliwa.

Dawa ya kwanza tuliyotumia ilikuwa ya kienyeji, dogo akifunga duka achomoe waya ukutani. Siku ya pili tu kachomoa wa friji ya maji na soda, asubuhi maji ya moto, mtandao haupo, na mama kanuna juu ya vyote viwili. Nikaona hii haitufikishi.

Dawa yenyewe iko ndani ya Windows, na inachekesha kwamba kutengeneza Linux inabidi uende Windows. Unafungua Device Manager, unaenda kwenye kadi za mtandao, unabonyeza mara mbili ile ya Realtek, unaingia Advanced, kuna orodha ndefu, humo unatafuta Shutdown Wake-On-Lan, matoleo mengine yameandika Wake on LAN after shutdown, unaweka Enabled. Maana yake unaiambia draiva kwamba hata tukizima, kadi ibaki macho. Nikaongeza na lingine, nikafungua dirisha jeusi la Windows kama msimamizi nikaandika powercfg /h off, hiyo inaondoa ile tabia ya Windows kujifanya imezima kumbe imejihifadhi ili kesho iwake haraka. Ile nayo haifai kabisa kama mashine moja ina mifumo miwili, inaacha diski kama mlango uliofungwa kwa ndani, Linux ikienda kusoma mafaili ya huko inakataliwa. Baada ya hapo dogo akazima Windows, tukaangalia vitaa, kijani kinawaka. Tukawasha Linux. Sekunde mbili.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini kadi ya Kariakoo ikafika. Basi limefika, mzigo umefika, hela nimeshalipa na nauli ya mzigo juu, na mama anajua niliagiza, sasa nimwambie nini, imelala kwenye droo? Jumapili tarehe 12 duka limefungwa, nikaenda na bisibisi nikaichomeka. Mantiki yangu ilikuwa kwamba tukiwa na mbili, moja ikisumbua nyingine ipo.

Nikawasha. FAILED, nyekundu. Nilihisi jasho la shingoni, na siyo la joto la Lindi.

Safari hii lakini nilisoma. Haikusubiri dakika 5, ilishindwa papo hapo, na hilo tu ni tofauti. Nikafungua kumbukumbu za huduma ya mtandao kwa journalctl, imeandika Cannot find device "enp2s0". Siyo kwamba waya hauna sauti, inasema hicho kifaa hakipo. Nikaandika ip link, kadi zipo mbili, moja inaitwa enp2s0f0 na nyingine enp3s0. Ile ya kwenye mazabodi, iliyokuwa enp2s0 miaka yote, sasa ndo imekuwa enp3s0. Zamani kadi zilikuwa zinaitwa eth0, eth1, kwa kufuata nani kaonekana kwanza, na kuanzia 2013 systemd, programu inayosimamia uwashaji wa Linux, ikaleta majina ya namna hii yanayofuata mahali kadi ilipokaa, en ni ya waya, p ni namba ya basi, yaani njia ya data, ya ndani ya mazabodi, s ni tundu, na f ikionekana ni kipande cha kadi yenye vipande zaidi ya kimoja. Wazo zuri, jina halibadiliki ovyo. Ila ukichomeka kitu kipya kwenye tundu lililokuwa tupu, hizo namba za basi zinaweza kuhesabiwa upya na wa nyuma akasogea hatua moja, kama mtu kuchomekea kwenye foleni ya benki. Na mi kwa ushamba wangu wa zamani napenda kuandika jina la kadi kwa mkono kwenye /etc/network/interfaces, kwa hiyo faili langu lilikuwa linamwita mtu ambaye kahama.

Nikarekebisha jina nikawasha huduma upya, ikakubali, nikapata na anwani kutoka kwenye rauta. Nikafungua brauza. Hakuna kitu. Tovuti hazifunguki, moja moja inafunguka nusu. Aisee. Nikatoa kadi, nikarudisha, nikabadilisha jina, nikarudisha jina, nimekaa pale mpaka saa kumi, njaa inauma. Mpaka nilipochukua simu nimuulize mtu na simu nayo haitumi meseji, ndo nikaanza kupata akili. Nikapiga ping kwenye rauta, yaani kuigongea hodi uone kama inaitika, majibu yanarudi bila kukosa hata moja. Nikapiga nje, hayarudi. Kwa hiyo kutoka kwenye kadi mpaka rauta hakuna tatizo, kinachoumwa kiko mbele ya rauta. Kumbe siku hiyo hiyo mikongo ya chini ya bahari inayoleta intaneti imepata hitilafu, EASSy na Seacom, nchi nzima na majirani intaneti imelala, na mi niko Lindi na bisibisi nataka kuitengeneza.

Tangu siku hiyo kwenye mashine yoyote ninayoambiwa haina mtandao naanza na rauta. Rauta ikijibu naacha kadi. Isipojibu naangalia kitaa kabla hata sijagusa kibodi.

Suala la jina nililimaliza moja kwa moja. Nilitengeneza faili dogo kwenye /etc/systemd/network, nikaliita 10-waya.link, ndani mistari minne tu, juu [Match] na chini yake MACAddress ya ile kadi ya kwenye mazabodi, halafu [Link] na chini yake Name=waya0. Nikaendesha update-initramfs -u, maana usipofanya hivyo majina yanaweza kugawiwa mapema kabla faili lako halijasomwa, nikawasha upya. Sasa inaitwa waya0, hata ukichomeka kadi kumi inaitwa waya0, kwa sababu inatambuliwa kwa namba yake ya kuzaliwa, siyo kwa kiti ilichokalia. Kwenye interfaces nimeandika waya0. Na lile jina, yule dogo kalielewa bila kuelezwa, siku moja kanipigia anasema "kaka waya0 iko juu, tatizo ni printa", nikafurahi kweli.

Kadi ya Kariakoo niliitoa nikaipeleka kwenye mashine ya kaunta ya mwisho ambayo tundu lake lilivunjwa na mtu aliyejikwaa kwenye waya, kwa hiyo hela ya mama haikupotea. Meseji ya "fundi mtandao hakuna" sijaipata tena, naletewa za printa.

Dogo yeye mpaka leo akifunga duka anachomoa waya wa ile mashine ukutani. Nimemwambia mara tatu haina haja tena, ananijibu "kaka acha tu tulale salama". Waya wa friji ndo umefungwa gundi ya karatasi na kuandikwa kwa maka peni, USICHOMOE, mwandiko wa mama.